Waliobaki na Mrao

Wazee wa pwani waliita bunduki kwa jina la moto wake. Iliyowashwa kwa kamba inayofuka ilikuwa bunduki ya mrao. Iliyotoa cheche kwa jiwe ikaitwa gumegume. Ya mwisho, iliyolipuka nyundo ilipogonga kikombe kidogo cha shaba, ikawa bunduki ya fataki. Zote zilijazwa mdomoni, baruti kwanza kisha risasi, zikashindiliwa kwa mdeki. Siku hizi tunaziita zote gobore, na tofauti zake zimetutoka.

Lakini wapo watu ambao tofauti hizo ndizo maisha yao. Ni walenga shabaha wa bunduki za kushindilia, wenye shirikisho lao la kimataifa, MLAIC, lililoanza mwaka 1971. Katika mashindano yao mengi kila mshindani hupiga risasi 13 ndani ya dakika 30, na 10 zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Hata miongoni mwao, fataki ni nyingi, gumegume ni chache, na mrao ni adimu.

Uadimu huo una historia yake. Majeshi ya Ulaya yaliiacha mrao kufikia mwanzoni mwa karne ya 18. Bunduki ya askari wa kawaida mara nyingi haikutunzwa. Chuma chake kilirudi kwa mhunzi. Mwenzake, bunduki ya gurudumu, iliyokazwa kwa ufunguo mithili ya saa na kusaga jiwe hadi litoe cheche, ilikuwa ghali mno kuenea. Zilizosalia za aina zote mbili zimelala katika hifadhi kama ghala la silaha la Graz, Austria, na ni nadra kutiwa baruti. Kisha Wamarekani walipoufufua ulengaji huu katika miaka ya 1930, walishika bunduki za babu zao, yaani za gumegume na fataki. Mafundi wa Gardone Val Trompia, Italia, walipoanza kutengeneza nakala mwishoni mwa miaka ya 1950, waliwafuata wanunuzi hao. Mrao haikuwa na mjukuu wa kuidai.

Isipokuwa Japani. Mwaka 1543 Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima, na bwana wa kisiwa, Tokitaka, akanunua bunduki zao na kumpa mhunzi aziige. Baada ya miongo michache miji ya Sakai na Kunitomo ilikuwa ikizifua kwa maelfu. Ilipofuata amani ndefu ya utawala wa Tokugawa, gumegume haikuwa na haja ya kuingia, na mrao ikadumu hadi katikati ya karne ya 19. Ndiyo maana zimesalia kwa wingi. Leo husajiliwa kama mali ya kale, na vikundi vya wapigaji huzifyatua kwa baruti tupu kwenye sherehe za ngome na mahekalu, wakiwa wamevaa deraya za kale. Hata shindano mojawapo la mrao la MLAIC linaitwa Tanegashima.

Desturi ya mrao ni desturi ya subira. Kamba iliyolowekwa shura hufuka taratibu, nayo haikai karibu na baruti hata kidogo. Mpigaji huiondoa kwenye mkono wa shaba kabla ya kujaza, na huirudisha akiwa tayari. Baruti hupimwa mapema na kutiwa katika vichupa, kila kichupa mlio mmoja. Wapiganaji wa Japani walifanya hivyo karne nne zilizopita, na kanuni za leo zinadai hivyohivyo. Bunduki ya Kijapani haina kitako cha kuegemeza begani. Hushikwa kando ya shavu. Ikigoma kulipuka, mdomo wake hubaki umeelekea shabaha, na mpigaji hutulia kwanza. Jioni kasiba huoshwa kwa maji moto, kwa kuwa masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kuleta kutu. Mambo haya hayafundishwi na kabati la kioo. Hupokewa kwa mkono wa aliyetangulia.

Kwetu gobore lilishika njia nyingine. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliruhusu Waafrika kuuziwa gumegume zisizo na mifuo na ukawazuilia bunduki za kisasa, hivyo chombo kikuukuu kikakaa nasi kwa amri ya wengine. Leo habari zake ni za ujangili na misako ya polisi. Silaha hiyo siitamani irudi. Ninachokililia ni maneno: mrao, gumegume, mdeki, shura. Yalikuwa maarifa ya wahunzi na wasafiri wetu, na mjukuu wao leo huyakuta katika kamusi tu. Mjapani akipuliza kamba yake iwake, kuna kijana pembeni anayetazama. Na sisi tumkalishe kijana pembeni, tumweleze maneno haya yalifanya kazi gani.