Maumivu ya Mgongo na Shingo kwa Wafanyakazi wa Mezani: Chanzo, Kinga na Nafuu

Bernardino Ramazzini, tabibu wa Kiitalia ambaye kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1700, aliongeza katika toleo la 1713 maelezo yanayohusu makarani na waandishi wa hati, na humo akataja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa kitako kutwa nzima, kurudiarudia mwendo uleule mmoja wa mkono, na kuibana akili ili kosa lisipenye katika maandishi. Kalamu ya unyoya imegeuka kuwa kibodi na daftari la hesabu limegeuka kuwa kioo cha kompyuta, lakini mambo hayo matatu ndiyo yanayomkuta hadi leo mhasibu wa Nairobi, karani wa benki wa Dar es Salaam na mfasiri anayefanyia kazi sebuleni kwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna hali nyingine ya kiafya inayowapunguzia watu uwezo wa kufanya shughuli zao kwa kiwango hicho. Idadi hiyo haiwahusu watu wa ofisini peke yao, kwa kuwa mkulima na mchukuzi nao huumia. Ila chanzo cha maumivu ya mtu wa mezani kina sura yake, na sura hiyo hueleweka vibaya mara nyingi.

Kinachoeleweka vibaya ni hiki: watu wengi huamini kwamba mgongo huumizwa na kiti kibaya au na mkao mbaya, kwa hiyo hutafuta kiti cha bei kubwa au hujilazimisha kukaa wima kama askari wa gwaride, ilhali tafiti za miongo ya karibuni zinaelekeza lawama kwenye jambo jingine, yaani kukaa tuli. Ili kuona kwa nini utulivu huo unadhuru, inafaa kutazama jinsi uti wa mgongo ulivyoumbwa.

Uti wa mgongo wa binadamu kwa kawaida una pingili 33. Kati ya hizo, 24 huweza kusogea, nazo ni 7 za shingoni, 12 za nyuma ya kifua na 5 za kiunoni, na zilizobaki zimeungana kutengeneza mfupa ulio katikati ya nyonga pamoja na kifandugu. Baina ya pingili zinazosogea kuna diski, yaani vibapa vya gegedu ambavyo kila kimoja kina ukingo mgumu wa nyuzinyuzi na kiini laini chenye maji mengi. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu inayopenya hadi ndani yake, na kwa sababu hiyo hupata chakula chake kama dodoki linavyopata maji: hukamuliwa uzito unapoikandamiza, kisha hufyonza unyevu na virutubisho uzito unapopungua. Ndiyo maana mtu anapoamka asubuhi huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita 1 hivi au 2, kwa kuwa usiku kucha diski zake zimekuwa zikinywa maji. Mtu anayekaa saa tatu bila kujinyanyua huzinyima diski hizo mabadiliko ya uzito ambayo zinayategemea.

Misuli nayo ina malalamiko yake. Msuli unaojikaza na kujilegeza hupitisha damu kwa wepesi, lakini ule unaolazimika kujikaza kidogo tu kwa muda mrefu bila kupumzika hubana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, ukachoka, ukaanza kuuma. Hali hiyo huipata hasa misuli ya nyuma ya shingo na ile mipana inayoshuka kutoka shingoni hadi mabegani, kwa sababu ndiyo inayokishikilia kichwa mtu anaposogeza uso mbele kusoma herufi ndogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5.5, na kadiri kinavyotoka mbele ya mabega ndivyo mzigo wa misuli hiyo unavyoongezeka. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo nchini Marekani, alikokotoa kwamba shingo iliyoinama kwa nyuzi 60, kama ya mtu anayetazama simu aliyoiweka mapajani, hubeba nguvu inayokaribia kilo 27. Hesabu hiyo ilitokana na mfano wa kompyuta wala si vipimo vya watu walio hai, na vyombo vya habari viliitangaza kwa kishindo kuliko inavyostahili. Hata hivyo mwelekeo inaouonyesha ni wa kweli, na yeyote aliyemaliza siku nzima akiwa ameinamia kompyuta mpakato iliyo chini ya usawa wa macho anaujua.

Kuhusu kukaa kwenyewe, elimu imepinduka kidogo. Kuanzia miaka ya 1960 daktari wa Kiswidi Alf Nachemson alipima shinikizo la ndani ya diski kwa kuingiza sindano katika migongo ya watu waliokubali, akaona kwamba shinikizo hilo ni kubwa zaidi mtu akiwa amekaa kuliko akiwa amesimama, na kutokana na matokeo hayo kizazi kizima cha madaktari kikaogopa kiti. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, walirudia kipimo hicho kwa mtu mmoja aliyejitolea, wakitumia kifaa bora zaidi, wakakuta kwamba shinikizo la mtu aliyekaa kwa kujilegeza na kuegemea ni dogo kuliko la mtu aliyesimama, na kwamba linalopanda sana ni lile la aliyekaa huku ameinama mbele. Ushahidi wa mtu mmoja hautoshi kufunga mjadala, lakini unatosha kumwondolea mfanyakazi hatia: kuegemea kiti si uvivu, na hakuna mkao mmoja mtakatifu. Mkao mwema ni ule unaofuatwa na mwingine.

Hata hivyo mpangilio wa meza una faida, maana humwezesha mtu kubadili mkao bila kujikunja. Miguu ikanyage sakafu yote, au kibao iwapo kiti ni kirefu. Viwiko vining'inie karibu na mbavu na kukunjika kiasi cha pembe mraba. Kioo kikae mbele ya uso kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ulingane na macho au uwe chini yake kidogo, isipokuwa kwa anayevaa miwani ya lenzi za sehemu mbili, ambaye anahitaji kioo cha chini zaidi ili asiinue kidevu. Taabu kubwa ni kompyuta mpakato, ambayo kioo na kibodi vyake vimeshikamana, hivi kwamba mikono ikistarehe shingo huteseka. Dawa yake si ghali: vitabu vichache chini ya kompyuta, na kibodi ya pembeni. Kiti cha kulia chakula kisichoshika kiuno kinaweza kusaidiwa na kanga iliyokunjwa na kuviringishwa, ikawekwa mahali ambapo mgongo huingia ndani juu kidogo ya mkanda wa suruali. Wanaofanya kazi katika miji yenye foleni wahesabu pia saa za ndani ya daladala au matatu, kwa kuwa mgongo hautofautishi kiti cha ofisini na kiti cha gari.

Jambo lenye uzito kuliko yote hayo ni kuondoka kitini. Kunyanyuka kila baada ya nusu saa, japo kwa dakika moja au mbili, hurudisha damu kwenye misuli na kubadilisha mzigo wa diski, na sababu za kunyanyuka hazikosekani: kupokea simu ukiwa umesimama, kumfuata mwenzako chumba cha pili badala ya kumtumia ujumbe, kunywa maji ya kutosha kiasi cha kulazimika kwenda msalani. Wakati huo mtu anaweza kuweka viganja kiunoni na kujinyoosha kwa nyuma mara tano, kurudisha kidevu nyuma bila kuinua wala kuinamisha uso ili shingo isimame juu ya mabega, na kuvuta mabega nyuma hadi mifupa yake ya mgongoni ikaribiane.

Mazoezi ya kujenga nguvu huleta manufaa yanayozidi hayo, wala hayahitaji muda ambao watu huuhofia. Nchini Denmark, Lars Andersen na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti wa wafanyakazi 198 wa ofisini waliokuwa na maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega, ambao waligawanywa katika makundi: wengine walinyanyua mikono kwa ubavuni wakivuta mpira wa mazoezi kwa dakika 2 tu kila siku ya kazi, wengine kwa dakika 12, na wengine hawakufanya zoezi hilo. Baada ya wiki 10 makundi yote mawili yaliyofanya mazoezi yalikuwa yamepata nafuu ya wazi, na tofauti baina ya dakika 2 na 12 ilikuwa ndogo. Asiyekuwa na mpira wa dukani anaweza kukata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akaukanyaga katikati, akashika ncha zake mbili na kuinua mikono pembeni hadi usawa wa mabega. Kwa upande wa kiuno, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mazoezi yakiambatana na elimu hupunguza uwezekano wa kupatwa na maumivu, ilhali mikanda ya kiuno na soli maalumu za viatu hazikuonyesha faida ya kuaminika.

Maumivu yakishaingia, wengi hukimbilia kitandani, na hapo ndipo kosa la kale linapoendelea kuishi. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wafanyakazi 186 wa manispaa ya Helsinki waliokuwa wameshikwa na kiuno ghafla: wengine waliamriwa kulala siku mbili, wengine walipewa mazoezi ya kujinyoosha, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni hao wa mwisho. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto hulegeza misuli na ni jambo jema. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hutuliza, lakini zisimezwe kwa wiki nyingi bila ushauri, kwa kuwa hudhuru tumbo na figo.

Maumivu ya kiuno katika Afrika Mashariki mara nyingi huhesabiwa kuwa ngiri au ugonjwa wa figo, na watu wakatumia fedha nyingi kwa dawa za kuchemsha, ingawa kwa watu wapatao 9 kati ya kila 10 maumivu hayo hayana ugonjwa maalumu nyuma yake na kwa kawaida hupungua sana ndani ya wiki sita. Desturi ya vinyozi kumaliza kazi kwa kuizungusha shingo ya mteja kwa nguvu hadi ialike inafaa kukataliwa kwa adabu, kwa sababu mishipa miwili inayopeleka damu sehemu ya nyuma ya ubongo hupita ndani ya pingili za shingo, na kuchanika kwake kunaweza kuleta kiharusi. Picha za mionzi nazo zisimtie mtu hofu kupita kiasi: mapitio ya mwaka 2015 yalibaini kwamba diski zilizochakaa huonekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80.

Zipo, hata hivyo, dalili zisizongojwa. Ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka, ni hali ya dharura inayohitaji hospitali siku hiyohiyo, kwani mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo huenda imebanwa. Udhaifu unaozidi wa mkono au mguu, maumivu yaliyoanza baada ya ajali, au yanayompata mtu aliyewahi kuugua saratani, yanahitaji daktari bila kuchelewa. Homa za jioni, kutoka jasho usiku, kukonda na maumivu yasiyopungua hata mtu akilala humpasa aliye katika nchi zetu kukifikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao hutibika kwa dawa ukigunduliwa mapema, na ambao ukiachwa hula pingili hadi mgonjwa akapata kibyongo au kupooza.

Anayeteseka zaidi ya miezi mitatu bila dalili hizo anafaa kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza kwa maumivu sugu ya kiuno mazoezi, elimu, baadhi ya tiba za mikono na msaada wa kisaikolojia, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni. Huo msaada wa kisaikolojia usichukuliwe kuwa ni kumwambia mgonjwa kwamba anajidanganya. Hofu ya kupoteza kazi, usingizi mchache na shinikizo la mkuu wa ofisi hukaza misuli kweli na kuongeza maumivu kweli, jambo ambalo Ramazzini alilidokeza alipoitaja akili iliyobanwa.

Na hapa suala linatoka mikononi mwa mfanyakazi peke yake. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi na majukumu ili yamfae mfanyakazi, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Lakini karani wa dirishani ambaye akinyanyuka dakika mbili huonekana mtoro, au mpokea simu ambaye mfumo wa kompyuta huhesabu kila sekunde asiyojibu, hawezi kuutii ushauri wowote ulioandikwa hapa kabla msimamizi wake hajakubali kwamba dakika hizo mbili ni sehemu ya kazi, akaziweka kwenye ratiba kama anavyoweka saa ya chakula.