Tukio Likitangazwa, Nani Asubiri?

Mteja anaponunua kitabu mtandaoni na kulipa kwa M-Pesa, programu ya duka hutuma ombi kupitia Daraja, lango ambalo Safaricom imewafungulia waunda programu. Jibu la papo hapo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Pesa bado haijatoka. Simu ndiyo kwanza inamtaka mteja aweke namba ya siri. Matokeo huja baadaye kama ujumbe mpya, kwenye anwani ambayo duka lenyewe liliitaja: 0 malipo yakipita, 1032 mteja akighairi. Hapo duka hutangaza tukio moja, "oda imelipwa", na kila anayehusika hulichukua kwa wakati wake: stoo hufunga mzigo, uhasibu huandika mapato, risiti hutumwa. Huo ndio usanifu wa matukio, na nashikilia kwamba unafaa pale tu ambapo anayetangaza hahitaji jibu ili aendelee na kazi. Seva ya risiti ikizimika nusu saa, mauzo hayasimami, maana matukio yanaisubiri kwenye foleni. LinkedIn, waliotoa kwa umma mwaka 2011 Kafka, programu ya kusambaza matukio ya namna hii, walikuwa na mifumo mingi iliyohitaji data ileile, na kuunganisha kila mmoja na mwenzake kulikuwa kumewachosha.

Wapo watakaosema: basi kila kitu kijengwe hivyo. Sikubali. Kabla ya kuuza nakala ya mwisho, duka lazima lijue sasa hivi kama ipo. Likitangaza tu na kutumaini stoo imesikia, wateja wawili watalipia kitabu kimoja. Pingamizi zito zaidi ni la wanaoogopa vurugu: ujumbe unaweza kufika mara mbili, na kosa likitokea ni vigumu kujua limeanzia wapi. Wana haki ya kuogopa. Dawa ipo: kila muamala wa M-Pesa uliokamilika una namba yake ya risiti, kwa hiyo programu iihifadhi na ikiiona tena isifanye lolote, na kila tukio libebe namba ya oda ili lifuatiliwe toka mwanzo hadi mwisho. Lakini hiyo ni kazi ya kudumu, na duka lenye programu moja na hifadhidata moja halina sababu ya kujitwisha foleni. Ujumbe wa malipo ndio tukio pekee ambalo duka hilo haliwezi kulikwepa. Mengine yatenganishwe siku sehemu moja itakapoanza kuichelewesha nyingine, na kwa kawaida ya kwanza kuondoka ni risiti.