Tiba Inayoamuliwa Upya Kila Usiku

Mwenye apnea ya usingizi mara nyingi hajui kinachompata. Anayejua ni yule anayelala ubavuni mwake. Husikia mkoromo ukipanda, kisha kimya cha ghafla, kifua kikihangaika bila hewa kuingia, hadi mgonjwa ashtuke kwa kishindo cha pumzi na kuanza kukoroma tena. Misuli ya koo imelegea na njia ya hewa imeziba kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa wenye ugonjwa mkali, pumzi hukatika au kupungua hivyo mara 30 na zaidi kwa saa. Asubuhi hakumbuki lolote, ila amechoka.

Tiba ipo tangu 1981, mwaka ambao daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa watano waliolala wakipuliziwa hewa puani mfululizo na mashine, koo likabaki wazi. Mashine hiyo, CPAP, hupuliza hewa kupitia barakoa na huanza kufanya kazi usiku ule ule wa kwanza. Lakini haiponyi: ukivua barakoa, koo linaziba tena. Kwa hiyo kukubali mbele ya daktari hakutoshi. Mgonjwa anapaswa kukubali tena kila anapopanda kitandani.

Mwaka 1993 Nancy Kribbs na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 35 ambao mashine zao zilifichiwa vipima matumizi ndani. Wengi walisema wanaitumia kila usiku. Vipima vilionyesha kuwa waliofikisha saa 4 za matumizi kwa asilimia 70 ya siku hawakufika hata nusu yao.

Sioni haki kuwaita wazembe. Kero ya barakoa iko usoni sasa hivi: mikanda inabana, pua inakauka, hewa inavuja kuelekea machoni. Faida yake ni kiharusi ambacho huenda kisije miaka mingi baadaye, na koo lililobaki wazi wakati mwenyewe hana fahamu ya kulishuhudia. Tena anayepima hasara na faida hizo ni ubongo uliokatizwa usingizi na kupungukiwa oksijeni usiku baada ya usiku, hali inayodhoofisha hasa uwezo wa kupanga na kujizuia. Saa tisa usiku, nusu macho nusu usingizini, mkono unavuta barakoa hata kabla akili haijaulizwa.

Bima ya serikali ya Marekani, Medicare, huhesabu saa 4 kwa usiku kuwa matumizi ya kutosha. Hicho ni kipimo cha malipo. Usingizi wa ndoto, ambao kwa wengi ndio unaolegeza koo zaidi, hujaa kuelekea alfajiri, wakati barakoa ya aliyetosheka na saa 4 iko sakafuni. Utafiti mkubwa wa SAVE, uliochapishwa 2016 ukiwa na washiriki 2,717 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukukuta kwamba CPAP inapunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 tu. Hata hivyo, usingizi wa mchana ulipungua na hisia zao zikawa bora.

Terri Weaver na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba watakaoitumia mashine mara kwa mara na watakaoiruka huanza kutengana ndani ya wiki ya kwanza. Ndiyo maana kumkabidhi mgonjwa mashine na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu ni kumwacha peke yake katika siku zinazoamua. Simu ya muuguzi siku ya tatu inahitajika zaidi kuliko hotuba ya kutisha.

Kama mashine yako iko kabatini, irudishe kliniki wiki hii pamoja na barakoa yake. Omba ujaribishwe barakoa ya umbo lingine, hewa iongezwe unyevu, na mgandamizo upimwe upya. Nenda na mwenzi wako: yeye ndiye aliyeuona ugonjwa wako kwa macho.