Joto la chumba, lakini chumba cha wapi?

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulizaliwa Ulaya, enzi za nyumba za mawe zisizo na mitambo ya kupasha joto. Chupa ilitolewa ghala la chini ya ardhi, ikawekwa chumba cha kulia hadi ifike nyuzi joto 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hufika 30. Mhudumu anayeitoa chupa rafuni na kukumiminia papo hapo anadhani anafuata ushauri ule, kumbe anauvunja.

Ethanoli, yaani kileo chenyewe, huchemka kwenye nyuzi 78, mapema kuliko maji, kwa hiyo kadiri mvinyo unavyopata joto ndivyo mvuke wa kileo unavyozidi kupanda. Unafika puani na kuichoma, harufu ya zabibu ikafunikwa. Utamu nao huzidi, kwa kuwa chembe za ulimi zinazoutambua huamka zaidi kwenye uvuguvugu. Onja soda iliyosahauliwa mezani. Baridi kali nayo ina hasara. Harufu hujificha, na tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea mno, huwa kali zaidi. Mvinyo mweupe una tanini chache, ndiyo maana huvumilia nyuzi 8 hadi 12.

Vitabu vya Ulaya husema nusu saa ya friji inatosha kwa mwekundu. Kwetu haitoshi. Ukianzia nyuzi 30, hesabu saa moja na nusu hivi. Ndoo ya barafu iliyotiwa maji ni ya haraka zaidi, maana maji hugusa chupa nzima, ilhali barafu peke yake huacha mianya ya hewa. Friza usiithubutu ukiwa msahaulifu: mvinyo huganda kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, hutanuka, na kusukuma kizibo au kupasua chupa.

Kiafya, joto halipunguzi kitu. Chupa ya mililita 750 yenye kileo asilimia 12 ina mililita 90 za ethanoli, iwe baridi au moto, na Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama. Ubaridi huficha ukali wa kileo, hivyo glasi huisha upesi bila mnywaji kushtuka.

Kwa anayekunywa barazani pwani, heri mwekundu utoke friji ukiwa nyuzi 14 na umiminwe robo glasi tu. Joto la nje litamalizia kazi.