Chombo kikizeeka, sumu yake huenda wapi?

Tarehe 26 Juni 2025 Mkataba wa Hong Kong kuhusu uvunjaji salama wa meli ulianza kutumika, miaka 16 tangu upitishwe. Unaitaka meli iwe na orodha ya vitu hatari vilivyomo ndani yake, na karakana inayoivunja iwe na kibali. Hatua hiyo ilihitajika. Meli nyingi za dunia huishia Alang nchini India, Chattogram nchini Bangladesh na Gadani nchini Pakistan, ambako hupandishwa ufuoni maji yakiwa yamejaa, yakipwa zikabaki zimepwelewa, ndipo vibarua huanza kuzikata kwa moto wa gesi. Gadani, Novemba 2016, mlipuko ndani ya meli ya mafuta uliua watu zaidi ya 20. Hata hivyo, mkataba hauvihusu vyombo vya ujazo wa chini ya tani 500, wala vile ambavyo maisha yao yote hufanya kazi katika maji ya nchi moja. Mkataba wa Basel wa 1989 nao hutazama taka zinazovuka mipaka, ilhali boti iliyochakaa Kilifi, katika pwani ya Kenya, haivuki mpaka wowote. Kwa hiyo mashua, boti za faiba za wavuvi na watalii, na trola ndogo za Malindi zimeachwa nje. Pengo hilo ni letu kuliziba.

Udogo wa chombo hauondoi sumu yake. Rangi za zamani zina madini ya risasi. Rangi za kuzuia chaza na mwani kushika chini ya chombo zina shaba, na zile za miaka ya nyuma zilikuwa na viungo vya bati vilivyopigwa marufuku kimataifa mwaka 2008 baada ya kuharibu uzazi wa konokono wa baharini. Betri zina risasi na asidi, na injini zina mafuta machafu. Faiba haiyeyuki ikafinyangwa upya, hivyo mara nyingi hutelekezwa au kuchomwa. Rangi inayokwanguliwa ufuoni huchukuliwa na maji hadi kwenye mikoko, na katika hori kama la Mida ndiko samaki, kaa na kamba wachanga wanakokulia.

Wapo watakaosema kiasi chenyewe ni kidogo mno kumdhuru mtu. Lakini sumu huuma inapokusanywa, na kazi ya biashara ya vyuma chakavu ni kukusanya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi 2014 kiliwaachia wakazi risasi katika damu na udongo. Kila betri ilikuwa ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto huinyonya mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima, ikiathiri ubongo unaokua. Julai 2020 mahakama mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, lakini kesi iliendelea hadi Mahakama ya Juu. Fidia ikichelewa hivyo, kinga ndiyo nafuu.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki: sheria kali itamnyima mkata chuma kibarua chake. Hofu hiyo ina msingi. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme, na walioumia kwanza ni wadogo. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 pia ilisukumwa zaidi na hofu ya wizi kuliko afya. Lakini mkata chuma huyo ndiye wa kwanza kuivuta sumu hiyo, na kumlinda hakuhitaji kufunga kazi. Kaunti ya Kilifi, mamlaka ya mazingira NEMA na vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vinaweza kutenga sehemu chache zenye sakafu ya saruji, mbali na maji ya bamvua. Betri na mafuta vitolewe kwanza na kuandikwa, ndipo msumeno uguse chombo. Gharama iingizwe katika ada ya usajili wa boti, ili anayenufaika nayo ikiwa mpya alipie pia siku ya kuivunja.