Gari likilowa ndani, tafuta njia ya maji kabla ya kutafuta gundi

Mvua inyeshe usiku kucha, asubuhi ufungue mlango wa gari ukutane na harufu ya kuvu, vioo vimefunga ukungu kwa ndani, na zulia linatoa maji kila ukilikanyaga. Ndugu msomaji, ukiyaona hayo usijidanganye kuwa jua la mchana litayamaliza. Jua litakausha zulia juu tu. Chini yake kuna sponji nene inayonyonya maji na kukaa nayo wiki nyingi, na chini ya sponji kuna bati, nyaya, na katika magari mengi hata zile kompyuta ndogo zinazoendesha kufuli, vioo na gia.

Tunaliandika hili kwa sababu linatugusa. Wengi wetu huku ughaibuni tunaendesha magari yaliyokwishatumika, maana ndiyo uwezo wetu. Ndiyo yanayotupeleka kwenye zamu za usiku, na mengine baadaye hupakiwa melini kwenda nyumbani kwa ndugu wanaotegemea kuyafanyia teksi au shughuli ya familia. Kwa mtu kama huyo, maji ndani ya gari ni mtaji unaooza taratibu.

Kosa linaloonekana sana ni hili: mtu akiona maji anakimbilia dukani kununua silikoni, kisha anapaka kila penye mshono. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kwenye gari lazima kwanza uujue ufa wenyewe uko wapi. Anayeziba ovyo mara nyingi huziba tundu ambalo mtengenezaji aliliacha makusudi ili maji yatoke.

Hapa ndipo penye siri yote. Gari halikuundwa lisiingie maji hata tone. Mvua inayoteleza kwenye kioo cha mlango huingia ndani ya mlango wenyewe na kutokea kwenye vitundu vya chini. Inayopiga kioo cha mbele hushukia kwenye mfereji ulio chini ya wipa, ikatoka pembeni. Kioo cha kufungua kwenye paa nacho kina kijibeseni na mipira myembamba inayoshusha maji ndani ya nguzo za gari mpaka chini. Kwa hiyo mara nyingi ugonjwa hauko kwenye tundu jipya. Uko kwenye njia ya zamani iliyoziba kwa majani na vumbi, maji yakakosa pa kutokea, yakageukia ndani.

Kwanza ujue ni maji gani

Kabla ya kulaumu mvua, yatazame na kuyanusa. Kuna aina tatu.

Ya kwanza ni maji ya mvua. Huonekana baada ya mvua au baada ya kuosha gari, na hukoma kiangazi.

Ya pili ni maji ya kiyoyozi. Haya ni safi, hayana harufu, na huja hata kama hakuna wingu. Wasomaji wetu wa Muscat, Dubai, Mombasa na Dar es Salaam wayaangalie haya kwanza. Kiyoyozi kinapopoza hewa yenye unyevunyevu, maji huganda kama matone nyuma ya dashibodi na kutolewa nje kwa mpira mdogo. Ndiyo maana gari zima huacha kidimbwi chini yake linapoegeshwa. Ukiona siku ya joto la unyevu kiyoyozi kimefanya kazi muda mrefu na chini pakavu, huku zulia la mbele limelowa, mpira huo umeziba. Kuuzibua ni kazi ndogo kwa fundi, na mara nyingi haihitaji spea yoyote.

Ya tatu ni maji ya rejeta, yale yaliyochanganywa na dawa ya kupozea injini. Yana harufu tamu, yanateleza vidoleni, na huacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele unapowasha hita. Ukiyaona, angalia kiwango cha maji injini ikiwa baridi, wala usifungue mfuniko ikiwa moto. Hapo hita imetoboka na gari linahitaji gereji. Dawa hiyo ni sumu, basi usiwaache watoto wala wanyama karibu nayo.

Mahali pa kuanzia

Ikiwa ni maji ya mvua, anzia juu ya injini. Fungua boneti, toa majani yote chini ya wipa, kisha mimina maji kidogo uone kama yanatokea chini ya gari. Mfano unaojulikana sana kwa mafundi ni Volkswagen Passat ya toleo la B5, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996. Betri yake hukaa ndani ya mfereji huo, na tundu za kutolea maji zimejificha chini ya betri. Zikiziba, maji hupanda na kuingia ndani, na chini ya zulia la mbele ndiko ilikowekwa kompyuta ya kufuli na vioo. Majani machache ya kuokota kwa mkono huishia kuwa bili kubwa ya umeme wa gari.

Kisha nenda kwenye milango. Nyuma ya ubao wa ndani wa mlango kuna karatasi ya plastiki iliyogandishwa pande zote. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo ndani ya mlango yasije upande wa abiria. Fundi anayebadilisha mota ya kioo au kufunga spika mpya akiibandua na asiirudishe sawasawa, mvua ijayo maji yatakuwa miguuni pako. Mlango unaolia kama mtungi ukiufungua una maji ndani. Zibua vitundu vya chini kwa kijiti.

Kama gari lina kioo cha paa, kifungue na mimina kikombe kimoja cha maji kwenye kila kona ya kijibeseni. Maji yanapaswa kutoka chini ya gari upesi. Yakisimama, pitisha uzi mnene wa nailoni polepole. Usitumie pampu ya upepo mkali, kwani mpira unaweza kuchomoka ndani ya nguzo, na ugonjwa mdogo ukawa mkubwa.

Buti likijaa maji pale panapokaa tairi la akiba, angalia mipira ya taa za nyuma, mpira wa mlango wa buti, kitako cha eriali juu ya paa, na mishono ya bati, hasa kama gari liliwahi kugongwa nyuma. Na kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa, kitilie shaka. Lakini kioo hicho usikitengeneze mwenyewe. Gundi yake ni sehemu ya uimara wa gari, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofumuka. Mwachie fundi wa vioo.

Jaribio la watu wawili

Maji hufuata mkondo, wala hayakai yalipoingilia. Yanaweza kuingia mbele, yakatembea chini ya zulia na kujikusanya nyuma kwa sababu tu gari huegeshwa kwenye mteremko. Kwa hiyo usiamini doa. Fanya jaribio.

Kausha gari kwanza na uinue zulia. Tandaza karatasi za magazeti makavu sakafuni, au paka unga wa chaki kwenye mishono, ili tone la kwanza lionekane. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwenzake abaki nje na mpira wa maji. Mwagia maji ya kawaida, si ya mashine ya kuoshea magari, maana ile husukuma maji hata pale ambapo mvua haifiki. Anzia chini na upande juu taratibu: kizingiti, mlango, kioo, kisha paa. Kila mahali pape dakika tano hadi kumi. Ukianzia juu, maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua ni wapi palipovuja. Kwa buti, laza viti vya nyuma ili anayeangalia awe na njia ya kutokea.

Kuziba na kukausha

Ukishaiona njia, dawa hufuata yenyewe. Karatasi ya mlango hugandishwa kwa gundi laini ya butili, mpira uliochakaa hubadilishwa, na mshono wa bati huzibwa kwa dawa ya mishono ya magari. Ile silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki iepuke, kwa sababu tindikali yake hula bati na kuleta kutu.

Kukausha ni nusu ya kazi. Sponji ya chini itolewe au iinuliwe ipate hewa pande zote mbili. Pwani ya nyumbani jua na milango wazi vinatosha. Uingereza wakati wa baridi, kiyoyozi pamoja na joto, au mashine ya kuvuta unyevu, vinasaidia zaidi. Kama ni lazima kutoa viti, kumbuka kuwa chini yake kuna nyaya za mifuko ya hewa, nyingi zikiwa na plagi za njano. Zima gari, ondoa betri, subiri kidogo, au mpe fundi anayezijua.

Gari la mafuriko ni habari nyingine

Gari lililovuja mvua linatibika. Gari lililozama ni jambo jingine kabisa. Tarehe 16 Aprili 2024, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Huko Khatm Al Shakla, Al Ain, zilipimwa milimita zipatazo 254 kwa muda usiofika saa 24, na magari mengi yaliachwa ndani ya maji. Ghuba ni soko ambalo wafanyabiashara wa kwetu hununua magari, na yale ya usukani wa kushoto yanafaa barabara za Kongo, Rwanda na Burundi.

Mnunuzi asitazame rangi. Avute mkanda wa usalama mpaka mwisho aone kama una alama ya tope. Apapase reli za viti na shimo la tairi la akiba kutafuta mchanga laini, atazame kutu kwenye bolti za viti, na ajiulize kwa nini gari kuukuu lina zulia jipya. Anayenunua Uingereza aulize pia historia ya bima. Tangu Oktoba 2017 magari yaliyofutwa na bima hupangwa kwa herufi A, B, S na N, na yale ya A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani.

Mwisho, neno kwa ndugu zetu wanaotuma magari nyumbani. Kupulizia manukato na kutandika mikeka mipya juu ya zulia bichi ni rahisi, na meli ikishaondoka hakuna atakayekuuliza. Lakini masika yatafika, na atakayebaki na funguo mkononi ni ndugu yako mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Inua zulia kabla ya kulipia nauli ya meli, na kama pana maji, mwambie.