Bei Zinapanda: Jamaa Ipange Namna Gani Matumizi ya Nyumba?



Hapa Makomeno, katika komini ya Lubumbashi, swali tunaloulizwa mara nyingi baada ya ibada siku hizi ni hili: "Mshahara ni ule ule, unga umepanda, tufanye nini?" Wanaouliza si watu wavivu wala wapotevu. Ni walimu, wauguzi, madereva, mafundi, na akina mama wanaoamka saa kumi ya usiku kwenda sokoni. Tunaandika kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya makutaniko yetu ya Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma, kwa sababu shida ni moja hata kama huku tunasema bukari na kwingine wanasema ugali.

Tunalo jambo moja la kusema. Bei zinapopanda, bajeti inayohesabiwa kwa franka peke yake inadanganya. Jamaa ihesabu kwanza vitu: mifuko ya unga, makala ya kupikia, miezi ya masomo. Kisha igeuze vitu hivyo kuwa pesa. Na hesabu hiyo isifanywe na mtu mmoja kwa siri.

Bei yetu inatoka wapi

Sehemu kubwa ya unga wa mahindi tunaokula Lubumbashi inatoka Zambia na kupita Kasumbalesa, mpakani, umbali usiofika kilometa 100 kutoka hapa. Kwa hiyo mvua ikikosekana kule, sufuria ya Makomeno inajua. Tarehe 29 Februari 2024 rais wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mavuno ya mahindi ya mwaka ule yalipungua karibu nusu, na nchi ile ikazuia mahindi yake yasitoke. Mwaka uliofuata mavuno yakawa makubwa sana. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefanya kosa ili unga upande, wala aliyefanya juhudi ili ushuke.

Sababu ya pili ni dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Kabla ya mwaka kwisha ilipita 2,500. Mtu aliyelipwa franka 500,000 alianza mwaka akiwa na dola 250 mkononi, akaumaliza akiwa na 200 tu, na karatasi yake ya mshahara haikubadilika hata kidogo. Sehemu ya tano ya jasho lake iliondoka bila mwizi kuingia nyumbani. Ndiyo maana tunasema franka inaweza kudanganya.

Zamani kampuni ndiyo iliyopanga

Wazee wetu wanakumbuka posho. Wakati wa Union Minière, mfanyakazi alipewa unga na vyakula vingine kwa kipimo, kulingana na ukubwa wa jamaa yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule na hospitali vilevile. Gécamines ilipochukua nafasi yake, desturi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Bajeti ya nyumba ilipangwa ofisini, si mezani kwa baba na mama.

Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, na mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi. Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini, kila mmoja na fungu lake la pesa. Wengi walikuwa hawajawahi kushika kiasi kama kile kwa siku moja, na hakuna aliyekuwa amewafundisha kukigawa. Kwa jamaa nyingi fungu lile halikudumu.

Hatulisemi hili ili kuwahukumu wazazi wetu. Tunalisema kwa sababu linaeleza jambo tunaloliona bado: katika mji huu, kupanga matumizi ya nyumba ni kazi ambayo jamaa nyingi zimelazimika kujifunza peke yao, tena wakati mgumu. Lakini posho ile ilikuwa na akili moja ambayo tunaweza kuirudisha: ilihesabu midomo na unga kabla ya kuhesabu pesa.

Anza na vitu

Tuchukue jamaa ya watu saba, wazazi wawili na watoto watano. Kama wanapika kilo mbili na nusu za unga kwa siku, kwa mwezi wanahitaji kilo 75, yaani mifuko mitatu ya kilo 25. Andikeni hiyo: mifuko mitatu. Hiyo haibadiliki dola ikipanda. Kisha makala: mifuko mingapi kwa mwezi, na mingapi wakati wa mvua, ambapo yanalowa na bei yake inapanda? Kisha kodi ya nyumba. Kisha masomo. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini kuna madaftari, nguo za shule, usafiri, na wale wa sekondari wanalipa. Kisha mafuta, chumvi, sabuni, maji, dawa.

Baada ya kuandika vitu, ndipo wekeni bei ya wiki hii mbele ya kila kimoja. Bei ikibadilika, badilisheni safu ya pesa tu. Safu ya vitu inabaki. Tuseme mfuko umetoka franka 30,000 kufika 45,000. Mifuko mitatu ilikuwa 90,000, sasa ni 135,000. Pengo ni franka 45,000, na jamaa inaliona mwanzoni mwa mwezi. Isiyoandika inalikuta pengo lile lile tarehe 22, mbabula ikiwa imewaka na hakuna cha kupika.

Kisha jiulizeni: franka 45,000 hizo zitatoka wapi? Hapo kila jamaa ina jibu lake. Vinywaji, vifurushi vya simu, nguo mpya, safari za moto ambazo mtu angetembea kwa miguu. Lakini vipo vitu tusivyokubali vikatwe kwanza: chakula cha watoto wadogo na cha mama mjamzito, dawa ya mgonjwa anayemeza kila siku, na masomo ya binti. Mara nyingi hivi ndivyo vinavyokatwa kimya kimya, kwa sababu wenye kuvihitaji hawana sauti mezani.

Kidogo kidogo ni ghali

Wengi wetu tunanunua unga kwa meka, kila jioni, kwa sababu pesa inaingia kila jioni. Tuseme mfuko mmoja unatoa meka kumi, na mfuko ni franka 35,000, lakini meka moja inauzwa 4,000. Anayenunua kwa meka analipa 40,000 kwa mfuko ule ule. Tofauti ni 5,000 kwa mfuko, 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka. Hiyo ni bei ya mifuko mitano na zaidi. Jamaa yenye pesa kidogo ndiyo inayolipa unga kwa bei ya juu.

Njia ya kutoka hapo ni ndefu, lakini ipo. Jamaa nne au tano zinazoaminiana zinaweza kuchanga na kununua mifuko pamoja. Ama zifanye likelemba, lakini anayefikiwa na zamu apokee mfuko wa unga badala ya noti. Pesa ya likelemba ina miguu, inakwenda kwenye msiba, kwenye harusi, kwa shemeji. Unga ukifika nyumbani unaliwa nyumbani.

Msimu nao ni wa kuangaliwa. Kwa kawaida unga unashuka baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa tano hivi, na unapanda kuanzia mwisho wa mwaka mpaka mahindi mapya yafike. Anayeweza kuweka mifuko miwili ya akiba mwezi wa saba, mahali pakavu na palipoinuliwa toka chini, amejikinga na bei ya mwezi wa pili. Yusufu kule Misri hakufanya jambo lingine: aliweka wakati wa wingi.

Dola na franka

Kanuni yetu ni rahisi: deni la dola liwekewe dola, tumizi la franka liwekewe franka. Kodi ya nyumba na garanti yake hapa Lubumbashi kwa kawaida vinatajwa kwa dola. Basi ukipata pesa, badili sehemu ya kodi mapema. Lakini usibadili pesa ya unga ukitumaini kupata faida. Mwishoni mwa 2025 franka ilipata nguvu ghafla, na waliolipwa kwa dola wakajikuta na franka chache, huku bei nyingi sokoni zikikataa kushuka. Dola nayo inaweza kumwacha mtu njiani.

Tena msiweke akiba yote mahali pamoja. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu waliona mwanzoni mwa 2025 jinsi benki zilivyofungwa milango. Simu inasaidia, lakini hesabuni gharama ya kutoa pesa: anayetoa mara kumi kidogo kidogo kwa kawaida analipa zaidi kuliko anayetoa mara moja.

Baba na mama, meza moja

Hapa ndipo penye kidonda. Katika nyumba nyingi tunazotembelea, mama hajui baba analipwa kiasi gani, na baba hajui mama anapata nini kwenye meza yake ya soko. Baba anaacha "pesa ya chakula" asubuhi, kiasi kile kile cha mwaka jana, halafu anashangaa jioni kwa nini hakuna samaki. Mama anaona aibu kuomba zaidi, anakopa kwa jirani, na deni linakua gizani. Siku linapojulikana, ugomvi si wa unga tena; ni wa uaminifu.

Tunapendekeza saa moja kwa mwezi, siku pesa inapoingia, kabla haijatoka. Kila mmoja aseme alichopata na anachodaiwa. Watoto wakubwa waitwe pia wasikie. Mtoto wa miaka 14 akijua mwezi huu hakuna viatu, na akajua kwa nini, ataumia kidogo kuliko yule anayejibiwa kwa ukali kila akiuliza. Na baba akae siku moja sokoni na orodha mkononi. Atarudi na maneno mengine.

Mkopo unaokula nyumba

Mnaijua "banki lamberi": mtu anakukopesha dola 100 leo, mwisho wa mwezi anataka 150. Ukishindwa, riba inazaa riba, na televisheni inaondoka, kisha hati ya kiwanja. Katika Nehemia sura ya 5 watu walilia kwa jambo hilo hilo: waliweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka. Nehemia hakuwaambia wavumilie. Aliwakemea wakopeshaji, nao walikuwa ndugu zao. Basi tuseme wazi: mkristo anayemkopesha mwenzake mwenye njaa kwa riba ya namna hiyo ameacha njia, hata kama anakaa benchi la mbele.

Kwa jamaa, kanuni ni hii: usikope kwa ajili ya chakula cha mwezi huu ukitegemea mshahara wa mwezi ujao, kwa maana mwezi ujao nao una midomo saba. Kama deni lipo tayari, liandikeni katika orodha, mbele ya nguo na sherehe, na mzungumze na mdai kabla ya siku yake.

Na kanisa je?

Sadaka na fungu la kumi ni mambo ya imani, na kila jamaa inayaweka katika orodha yake mbele za Mungu. Lakini viongozi, tujichunguze. Mchango wa jengo, wa sare za kwaya, wa mgeni, wa sikukuu: kwa mama mwenye mifuko miwili badala ya mitatu, hayo nayo ni bei zinazopanda. Tusisome majina ya wasiotoa. Tutangaze michango ya mwaka mzima mapema, iwe michache, na asiye nacho asionewe haya.

Tena kutaniko linaweza kutoa mambo ambayo jamaa moja haiwezi. Chumba kikavu cha kuwekea unga walionunua pamoja. Shemasi anayejua hesabu, wa kukaa na jamaa changa jioni moja. Sanduku dogo la kumsaidia mwenye msiba, ili asikimbilie mkopeshaji usiku ule.

Hatuwaambii kwamba daftari litaongeza mshahara. Haliongezi. Zipo jamaa ambazo hata zikikata kila kitu, mifuko mitatu haitimii, na shida yao si ya kupanga vibaya. Kwa hao, orodha ina kazi nyingine: inaonyesha wazi kinachopungua, ili waweze kumwambia shemasi, "Tumekosa mfuko mmoja," badala ya kusema tu, "Hali ni ngumu." Neno la kwanza ndugu anaweza kulijibu.

Jumapili ijayo, kabla ya kwenda nyumbani, chukueni karatasi moja. Andikeni juu yake idadi ya midomo, na chini yake idadi ya mifuko. Anzeni hapo.